Unajimu wa Kihindu, wa Magharibi au hesabu ya nyota ya pwani: ushike upi?

Aliyezaliwa tarehe 5 Aprili akifungua ukurasa wa nyota gazetini anajisoma chini ya Punda, ambaye wengine humwita Kondoo au Hamali. Akikaa mbele ya mnajimu wa Kihindu, Jua lake linaandikwa Samaki, kisha anaambiwa Jua lisubiri kwanza: Mwezi ulikuwa wapi saa aliyozaliwa? Akienda kwa mwalimu wa hesabu ya nyota Lamu au Unguja, tarehe haiulizwi kabisa. Anaulizwa jina lake na jina la mama yake.

Mtu mmoja, nyota tatu, na kila mmoja wa hao amehesabu sawasawa kwa kanuni zake. Hapo ndipo wengi hukwama. Kuna anayetaka kujifunza mfumo mmoja kwa makini, kuna aliyeletewa posa na familia yenye utaratibu wake, kuna anayetafuta jina la mtoto. Nimekaa na mifumo hii mitatu kwa miaka mingi, na nikiulizwa ipi bora huwa narudisha maswali mawili: unataka kujua nini, na una nini mkononi? Mengine yote yanafuata hapo.

Nitaipima yote kwa vigezo vilevile: chimbuko lake, unachotakiwa kuja nacho, inavyoigawa anga, inavyojibu swali la "lini", nafasi yake katika ndoa na majina, na inavyosimama ikijaribiwa. Wa Kihindu utachukua nafasi kubwa kwa sababu ndio wenye tabaka nyingi, na ndio unaozungumzwa sana huku misingi yake ikijulikana kidogo.

Chimbuko

Kwa Kisanskriti unajimu wa Kihindu huitwa jyotisha, kutokana na jyotis, mwanga. Ulianza kama kazi ya makuhani wa Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, waliotaka kujua siku sahihi ya kutoa sadaka. Ni mojawapo ya Vedanga sita, taaluma zinazoihudumia Veda, pamoja na matamshi, arudhi, sarufi, asili ya maneno na taratibu za ibada. Kitabu chake cha kale, kinachohusishwa na Lagadha, kinahesabu mwendo wa Jua na Mwezi kwa mzunguko wa miaka mitano. Ukikifungua kutafuta buruji 12, yaani zile nyota za kina Punda na Samaki, au bahati ya mtu, hutavikuta. Anga yake imegawanywa kwa nakshatra 27, yaani vituo vya Mwezi.

Zile buruji 12, na ule utaratibu wa kumchorea mtu ramani ya anga ya saa aliyozaliwa, zilifika baadaye, karne za kwanza BK, wakati merikebu za biashara zikienda na kurudi kati ya Misri ya Warumi na magharibi ya India. Ushahidi wake ni kitabu cha Kisanskriti kiitwacho Yavanajataka, elimu ya uzazi kwa mujibu wa Wayunani. (Yavana ya Kisanskriti na Yunani yetu ni ndugu, yote yametokana na Ionia.) Mtafiti David Pingree alikiweka mwaka 269 au 270 BK, na baadaye Bill Mak akauhoji mwaka huo baada ya kuzisoma upya hati zenyewe. Lakini maneno ya kazi yanajieleza: hora ni neno la Kiyunani la saa, kendra ni kentron, drekkana ni dekanos. Varahamihira wa Ujjain, aliyeandika katika karne ya 6, hakulificha jambo hili. Alisema Wayunani, ingawa ni watu wa nje, wanaheshimiwa kama marishi, wahenga watakatifu wa Kihindu, kwa sababu elimu hii imesimama imara kwao. Kila nikifika hapo namheshimu zaidi.

Kwa hiyo anayekwambia unajimu wa Kihindu umetoka kwenye Veda wote, mwanzo hadi mwisho, anakupunja. Anayesema umekopwa wote kwa Wayunani anakupunja vilevile. Nakshatra ni za India, na dasha, ile hesabu ya vipindi vya maisha nitakayoieleza chini, ni ya India.

Wa Magharibi una babu huyohuyo. Babeli ndiko zilikotoka buruji, na ramani za kale kabisa za watoto waliozaliwa zinazojulikana ni za huko, mwaka 410 KK. Wayunani wa Aleksandria wakaujenga, Ptolemy akauandikia kitabu katika karne ya 2 BK, Waarabu wakautunza na kuukuza, Ulaya ikaupokea. Safu za nyota za magazetini ni mtoto wa juzi: zilishika kasi London mwaka 1930, mnajimu R. H. Naylor alipoandika gazetini kuhusu Princess Margaret wa Uingereza aliyekuwa amezaliwa punde. Kwetu safu hizo zilipata wasomaji wengi kupitia watu kama marehemu Sheikh Yahya Hussein, mnajimu wa Tanzania.

Hesabu ya pwani ilikuja na vitabu vya Kiarabu na majahazi, ikawakuta watu ambao tayari walikuwa na macho ya nyota. "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua" ni maneno ya mkulima anayejua lini ashike jembe. Kilimia hicho Waarabu wanakiita Thuraya, na Wahindi wanakiita Krittika. Orodha za kale za nakshatra zinaanza na Krittika hiyohiyo, kwa kuwa zama hizo Jua lilikuwa karibu na kundi hilo wakati mchana na usiku vinapolingana mwezi Machi. Leo orodha huanza na Ashwini. Anga ilisogea, na wanajimu wakasogeza mlango.

Uje na nini mkononi

Kwa Mhindu unahitaji tarehe, mahali, na saa ya kuzaliwa, na saa iwe ya dakika. Msingi wa ramani ni lagna, buruji inayochomoza mashariki mtoto anapozaliwa, na buruji hiyo hubadilika kila baada ya saa mbili hivi. Lagna ikishapatikana, ndiyo nyumba ya kwanza. Nyumba nyingine 11 zinafuata: ya pili ya mali na kauli, ya nne ya mama na makazi, ya saba ya ndoa, ya kumi ya kazi, na kadhalika. Ndani yake wanakaa graha tisa: Jua, Mwezi, Mirihi, Utaridi, Mshtarii, Zuhura, Zohali, pamoja na Rahu na Ketu, ambazo si sayari bali ni sehemu mbili ambapo njia ya Mwezi inakatana na njia ya Jua.

Mama mmoja wa Kigujarati, jirani yetu wa zamani Mombasa, tuliyezoea kumwita Ba kama wajukuu zake, aliwahi kunifungulia janmakshar yake, ramani yake ya kuzaliwa. Ni karatasi iliyokunjwa mara nne, juu ina doa la kumkum, unga mwekundu wa ibada, lililofifia, chini yake jina la mungu Ganesha, kisha mchoro wa mraba uliokatwakatwa kama almasi. Kila kijumba kina namba. Nikaanza kusoma, nikaweka kidole kwenye kumi, nikasema hii ndiyo nyumba ya kazi. Ba akakishika kidole changu akakisogeza. "Hiyo namba si nyumba, mwanangu. Hiyo ni rashi." Katika mchoro wa kaskazini na magharibi ya India nyumba hazihami, ya kwanza iko juu katikati siku zote, namba inataja buruji iliyokaa hapo. Kusini mwa India ni kinyume: buruji ndizo zisizohama. Asiyelijua hilo anaisoma karatasi yote upande.

Sasa kosa letu sisi. Programu za simu zinauliza saa kwa mtindo wa Kizungu, na mama zetu wanatuambia "ulizaliwa saa tatu usiku". Mtu anaandika 3:00 badala ya 21:00. Lagna inaruka buruji tatu. Tarehe ikibaki ileile, Mwezi nao unarudi nyuma kwa saa 18, yaani karibu nyuzi kumi. Nimeona watu wakikaa miaka na ramani isiyo yao. Angalia pia aliyezaliwa Kenya zama za ukoloni: saa rasmi haikuwa siku zote mbele ya Greenwich kwa saa tatu kamili.

Kuna na suala la siku inaanza lini. Kwa Mhindu siku huanza jua likichomoza, kwa hiyo aliyezaliwa Jumanne saa kumi alfajiri ni mtoto wa Jumatatu. Kwa Magharibi siku hugeuka saa sita usiku. Kwetu pwani, kwa desturi ya Kiislamu, jua likizama tu siku mpya imeingia.

Wa Magharibi kamili unahitaji saa vilevile. Lakini toleo lake jepesi, la Jua peke yake, linatosheka na tarehe, na hiyo ndiyo sababu limeenea hivyo.

Wa pwani unahitaji majina mawili. Herufi za Kiarabu zina thamani zake za abjad, hujumlishwa za mtu na za mama yake, jumla inagawanywa kwa 12, kinachobaki ndiyo nyota. Chukua Ali bin Amina. Ali: ain 70, lam 30, ya 10, jumla 110. Amina: alif 1, mim 40, nun 50, na ta ya mwisho ikihesabiwa kama ha, 5, jumla 96. Pamoja 206. Toa 12 mara 17, unabaki na mbili: Thauri, yaani Ng'ombe. Dakika tatu, kalamu na karatasi. Kwa mzee ambaye cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa tarehe ya kukisia, hii ndiyo hesabu pekee isiyohitaji ajue alizaliwa lini.

Anga inavyogawanywa

Hapa ndipo Punda wa gazetini anapogeuka Samaki. Magharibi inaanza kuhesabu buruji siku ya mlingano wa Machi, popote nyota zenyewe zilipo. India inahesabu kwa nyota zisizohama. Karne za mwanzo BK mianzo hiyo miwili ilikuwa imekaribiana sana, lakini mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia inayozunguka, na tofauti inakua nyuzi moja kila miaka 72 hivi. Leo imefika nyuzi 24 hivi, nayo huitwa ayanamsha.

Ukitaka kuiona tofauti hii, nenda Gujarat tarehe 14 Januari, siku ya Uttarayan, anga la Ahmedabad linapojaa vishada. Jina la sikukuu hiyo linamaanisha safari ya Jua kuelekea kaskazini. Ila Jua hugeuka kwenda kaskazini Desemba 21 au 22, zaidi ya wiki tatu kabla. Sikukuu imebaki na nyota za Makara, yaani Mbuzi, na nyota zimeachana na majira.

Hata Wahindi wenyewe hawakubaliani kipimo. Kilichoenea zaidi huitwa Lahiri, na ndicho kilichotumika katika kazi ya kamati ya kalenda iliyoongozwa na mwanafizikia Meghnad Saha, iliyozaa kalenda ya taifa ya mwaka 1957. Wanaofuata kipimo cha Raman wanatofautiana nacho kwa karibu nyuzi moja na nusu. Ukibadilisha programu ya simu na nakshatra yako ikabadilika, tazama kwanza kipimo hicho kabla hujamlaumu mtu.

Juu ya buruji 12 (Mesha, Vrishabha, Mithuna na kuendelea, ya tano ni Simha, ambayo kwa sadfa tupu inasikika kama simba wetu), India inaweka nakshatra 27, kila moja nyuzi 13 na dakika 20. Pwani nayo ina manzili za Mwezi, 28 badala ya 27, na India kwenyewe orodha nyingine huongeza ya 28, Abhijit. Magharibi ya leo haitumii vituo hivyo kwa kawaida, ila imeongeza Uranus, Neptune na Pluto ambazo jyotisha ya jadi haina.

Swali la "lini"

Kama mfumo mmoja unalo la pekee hapa, ni wa Kihindu. Vimshottari dasha inaigawa miaka 120 kwa graha tisa: Ketu 7, Zuhura 20, Jua 6, Mwezi 10, Mirihi 7, Rahu 18, Mshtarii 16, Zohali 19, Utaridi 17. Unapoanzia ni nakshatra ya Mwezi wako. Tuseme mtoto amezaliwa Mwezi ukiwa nyuzi 13 na dakika 20 za Vrishabha. Hapo ni ndani ya Rohini, nakshatra ya Mwezi mwenyewe, na robo yake imeshapita. Basi zinabaki robo tatu za miaka 10: miaka saba na nusu ya Mwezi. Inafuata Mirihi mpaka miaka 14 na nusu, Rahu mpaka 32 na nusu, Mshtarii mpaka 48 na nusu, Zohali mpaka 67 na nusu. Kila kipindi kinagawanywa tena ndani yake. Sasa rudi kwenye lile kosa la saa tatu usiku: nyuzi kumi za Mwezi ni robo tatu ya nakshatra, na kwa mtoto huyu Mwezi unarudi mpaka katikati ya Krittika, nakshatra ya Jua, na kalenda yote ya maisha inasogea kwa miaka mitano na nusu.

Magharibi hujibu "lini" kwa kufuata sayari za leo zinavyopita juu ya ramani ya kuzaliwa. India hufanya hivyo pia, na mfano unaotajwa sana majumbani ni Sade Sati, miaka saba na nusu ya Zohali kupita buruji ya kabla ya Mwezi wako, ya Mwezi wenyewe na ya baada yake. Lakini nguvu ya Magharibi ya leo, kwa maoni yangu, iko kwenye tabia: inazungumza kwa kina juu ya moyo wa mtu kuliko juu ya mwaka wake.

Pwani inauliza jambo la karibu zaidi: safari ianze siku gani, msingi wa nyumba uchimbwe saa ya sayari ipi. Huo ni uchaguzi wa wakati, si utabiri wa umri. India nayo inao, kwa panchanga, kalenda yenye viungo vitano: tithi (siku ya Mwezi), siku ya wiki, nakshatra, yoga (jumla ya nyuzi za Jua na Mwezi) na karana (nusu ya tithi).

Ndoa na majina

Kwa familia nyingi za Kihindu, hapa ndipo jyotisha inapoishi kweli. Nakshatra za bwana na bibi harusi zinalinganishwa kwa mambo manane yenye alama 36. Nadi peke yake ina nane, bhakuta saba, gana sita. Alama 18 ndizo zinazochukuliwa kuwa za kupita. Kisha huangaliwa Mirihi, maana akikaa nyumba fulani, kama ya saba au ya nane, mtu huitwa manglik, na nimeona neno hilo likimnyima binti mzuri mchumba. Wanajimu makini wana orodha ndefu ya mazingira yanayoifuta kasoro hiyo; mwulize anayekusomea kama ameiangalia.

Magharibi hulinganisha ramani mbili bila alama, hivyo mengi hutegemea msomaji. Pwani hujumlisha majina ya wawili.

Majina ndiyo yanayonifurahisha. Nakshatra ina robo nne, na kila robo ina silabi yake. Mtoto wa Rohini hupewa jina linaloanza na O, Va, Vi au Vu. Pwani jina huzaa nyota; India nyota huzaa jina.

Ikijaribiwa

Mwanafalaki Jayant Narlikar na wenzake waliwapa wanajimu 27 wa India ramani 40 kila mmoja, za watoto hodari darasani na za watoto wenye ulemavu wa akili, watenganishe. Walipatia asilimia 46, chini ya kurusha sarafu. Kwa Magharibi, jaribio la Shawn Carlson lililochapishwa mwaka 1985 lilitaka wanajimu wachague maelezo ya tabia yanayolingana na ramani kati ya matatu. Matokeo hayakuupita ubahatishaji. Hesabu ya abjad nayo haina ushahidi wa kisayansi nyuma yake. Katika kigezo hiki hakuna mfumo unaoutangulia mwingine. Ninachokithamini ndani yake ni historia, hesabu, na namna watu wanavyokaa pamoja kuyazungumza maisha yao.

Kwa hali yako

Kama unapenda hesabu na una saa ya kuzaliwa kutoka kadi ya kliniki, jyotisha itakulipa. Jifunze kwanza graha, nyumba na nakshatra zako tatu: ya Mwezi, ya lagna, ya Jua. Acha dasha za ndani kwa mwaka wa pili.

Kama huna saa na unachotaka ni lugha ya kujitazama tabia, anza na ramani ya Magharibi. Mpito ni rahisi na vitabu ni vingi. Ukihamia India baadaye, usihame na Jua lako; hama na Mwezi.

Kama unataka kuielewa pwani, mashairi yake, majina yake na mabaharia wake, jifunze abjad na manzili. Mwaka wa Nairuzi, mwaka wa Jua wa pwani unaohesabiwa siku kumi kumi, utakupeleka mbali kuliko nyota ya mtu mmoja. Mwislamu anayeona uzito wa jambo hili anaweza kubaki kwenye falaki ya kibla, miezi na nyakati. Wanachuoni wengi wanaitenganisha na utabiri. Makanisa mengi nayo hayakubali utabiri, na msomaji wa historia hana haja ya kutabiri.

Kama unaolewa au unaoa kwenye familia ya Kihindu, usiende na nyota ya gazeti. Omba tarehe, mahali na saa yako kwa mama, uigeuze saa ya Kiswahili mbele yake huku ukihakikisha: usiku wa kuamkia lini? Andika 21:00, si 3:00. Wakileta karatasi ya almasi mezani, kumbuka kidole cha Ba.

Na kama unamtafuta mtu akusomee, wa mfumo wowote, mpe dakika kumi umsikilize anavyouliza. Anayetaka kujua saa umeipata wapi na nani aliishuhudia, kaa naye. Anayekuogofya kwa Zohali kisha akakutajia bei ya kumtuliza, shukuru kwa chai uondoke.